Nyumba Iliyovaa Suruali Fupi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alifagia uwanja, akajaza ndoo maji, kisha akampelekea bibi yake chai chumbani. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwa kuwa mikono yake haikujua kutulia. Ukiacha kiatu mlangoni, ukigeuka unakuta kimeshasuguliwa, hata kama ulitaka kukivaa saa hiyo hiyo.

Chumba cha bibi kilikuwa mbele ya nyumba, na ukuta wake wa nje ulitazama barabara. Rangi ilikuwa imebanduka kama maganda ya kitunguu. Bibi alikuwa na kifua kibovu na siku nyingi hakutoka, kwa hiyo baba aliamua angalau ukuta wa mama yake upendeze. Akamwita dada yake mkubwa, fundi wa kubandika mawe ya urembo kwenye kuta.

Shangazi alifika na maboksi. Kiherehere akashika jiwe kwa nguvu zake zote, nusura aanguke chali. Lilikuwa jepesi!

"Shangazi, hili ni jiwe gani?"

"La kiwandani, mwanangu. Saruji, mchanga, rangi na kokoto nyepesi, vinamiminwa kwenye kalibu mpaka vigande."

"Kwa hiyo si jiwe la kweli?"

"Unaligusa, huligusi?"

"Naligusa."

"Basi ni la kweli. Ila si la mlimani."

Kiherehere alikuna kichwa. "Na mtu akidhani ni la mlimani?"

"Akiuliza, tunamwambia. Uongo hauko kwenye jiwe. Uko mdomoni."

Baba alitaka meusi yanayong'aa. Shangazi akayaegemeza machache ukutani, akamvusha ndugu yake hadi ng'ambo ya barabara ayatazame kwa mbali. "Nyumba imenuna," baba akakiri, wakachagua yenye rangi ya mchanga na majivu. Kiherehere akayatoa kwenye maboksi, akayapanga kwa rangi, safu safi kabisa.

"Umepanga vizuri," shangazi akamwambia. "Sasa yavuruge. Tukibandika hivyo, ukuta utakuwa na viraka."

Tangu lini mtu akaambiwa avuruge? Kiherehere akavuruga, lakini moyo haukutaka.

Shangazi alikwangua rangi ya zamani, akapiga plasta, akaichana mistari ili mawe yashike, akaanza kubandika kutoka pembeni. Kilichomshangaza Kiherehere kuliko vyote ni kwamba chini, karibu na ardhi, palibaki ukanda mtupu upana wa kiganja. Alitaka kuuliza, lakini shangazi alikuwa tayari anaosha vifaa mbio mbio awahi kazi nyingine. Basi akajijibu mwenyewe: mawe yamekwisha, shangazi anaona haya kusema.

Siku iliyofuata alipita mtoto wa jirani, aliyeitwa Mdomo, na jina halikumwonea. "Tazameni!" akapiga kelele. "Nyumba yao imevaa suruali fupi!"

Kiherehere alitamani ardhi ipasuke immeze. Jioni ile akasomba udongo, akaurundika mpaka ukafunika ule ukanda na safu ya kwanza ya mawe. Juu yake akapanda maua, akawa anayamwagilia asubuhi na jioni. Maua yakachanua. Baba akamsifu, na Mdomo akaacha kuitania nyumba.

Kisha asubuhi moja, alipopeleka chai, alikutana na harufu kama ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Chini ya ukuta, upande wa ndani, rangi ilikuwa imevimba na madoa meusi yametapakaa. Bibi alikohoa mpaka akashika kitanda kwa mikono yote miwili.

Baba alipanda juu ya bati, hakuna lililotoboka. Akafuata bomba, halipiti upande ule. Mvua ilikuwa haijanyesha. "Sasa maji yanatoka wapi?" aliuliza, akiuuliza ukuta.

"Labda nyumba inatoka jasho," Kiherehere akasema. Baba akazidi kuupapasa ukuta.

Muuguzi wa zahanati aliwaonya kwamba bibi asilale penye unyevu, wakamhamishia chumba cha Kiherehere. Baba akampigia simu dada yake.

"Dada, mawe yako ya bandia yataniulia mama! Jumamosi nayang'oa yote!"

"Ngoja kwanza nije nione..."

Baba alishakata simu. Kiherehere hakuwahi kusikia ndugu hao wakigombana. Nani mkosaji? Mawe? Shangazi? Kichwa chake kilikuwa kama uzi uliochezewa na paka.

Alikwenda bombani kunawa miguu. Pale kulikuwa na kipande cha jiwe kilichosalia, alichokitumia kusugulia visigino. Jana alikuwa amekisahau, kimesimama ndani ya beseni lenye maji kidogo. Maji yalifika chini tu, lakini jiwe lilikuwa limekolea rangi hadi juu. Akaligusa. Lilikuwa limelowa hadi nchani. Maji yalikuwa yamepanda yenyewe!

Akageuka kuutazama ukuta, udongo, na maua yake yaliyoshiba maji. Kumbe hata ukutani maji yalikuwa yamepanda vivyo hivyo.

Angeweza kuuondoa udongo kimyakimya, mtu asijue. Lakini shangazi angebeba lawama isiyo yake. Akakumbuka uongo unakokaa, akabeba beseni hadi kwa baba.

"Baba, usiyang'oe. Si mawe. Ni mimi," akasema, na machozi yakamshinda.

Jumamosi shangazi alimkuta ndugu yake na jembe, anaondoa udongo.

"Dada, nisamehe. Nilikurukia bila kuuliza."

Shangazi akachuchumaa penye ule ukanda. "Jiwe hili hunywa maji. Nafasi hii niliiacha makusudi, udongo usiliguse, na maji yakipenya nyuma yapate pa kutokea. Ukilifukia, linanyonya na kuupa ukuta, na ukuta unampa mama."

"Mbona hukuniambia, shangazi?"

"Hapo nimekosa, nilikuwa na haraka. Nawe mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani mawe yalikwisha, na wewe unaona haya."

Shangazi akacheka, akamvuta karibu. "Mikono yako ni mizuri, mwanangu, lakini iache ifuate ulimi. Jambo usilolijua, uliza kwanza, ndipo ushike. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema. Ungenyamaza, tungevunja ukuta mzima, mimi na baba yako tungebaki na kinyongo, na bibi angeendelea kukohoa."

Maua yakahamia kwenye makopo, mbali na ukuta. Madirisha yakaachwa wazi. Ukuta ulikauka polepole, baba akaukwangua na kuupaka rangi upya ndani, na bibi akarudi chumbani kwake.

Asubuhi moja Kiherehere alikuwa anafagia chini ya dirisha, Mdomo akapita.

"Ehe! Suruali fupi imerudi!"

Safari hii Kiherehere hakuinamisha kichwa. "Imerudi, ndiyo. Wewe ukivuka maji, hukunji suruali?"

Dirishani bibi aliangua kicheko. Akacheka, akacheka mpaka akamaliza, na hakukohoa.