Mtungi wa Wageni

Kila asubuhi kabla ya shule nilifagia uwanja, nikachota maji kwenye bomba la mtaa, kisha nikamwogesha mdogo wangu. Alikuwa na miaka mitatu, na kwa jinsi alivyopenda kuamrisha, tulimwita Bwana Mdogo.

"Dada, maji!" alikuwa akisema, huku ameshazamisha kikombe chake cha bluu kwenye ndoo, na mkono mpaka kiwiko.

Nyumba yetu, kama nyingine mtaani, ilikuwa na maji ya aina mbili. Ya ndooni yalikuwa yetu. Ya mtungini, yaliyochemshwa na kufunikwa kitambaa cheupe, yalikuwa ya wageni.

Siku moja alikuja nesi wa utafiti na chupa ndogo za kupimia. "Naomba maji mnayokunywa," alisema. Mama akanikonyeza, nami nikaleta ya mtungini. Hatukuona kwamba ni uongo. Mgeni hapewi maji ya ndoo! Majirani nao walifanya vivyo hivyo. Majibu yaliposomwa ofisi ya kata, mtaa wetu ulisifiwa kwa maji salama. Tulipiga vigelegele. Dawa ya kusafisha maji ikapelekwa mitaa mingine.

Mvua zilipoanza, Bwana Mdogo alianza kuhara. Siku ya pili hakumwamrisha mtu. Siku ya tatu tulimzika.

Nesi alikuja kutupa pole. Alikaa mkekani karibu na Mama.

"Dada yangu, sielewi," alisema. "Maji yenu yalikuwa safi kabisa."

Mama aliinamisha uso. Wakati huohuo jirani yetu, Mama Pacha, alisimama mlangoni akasema kwamba mmoja wa wanawe anahara tangu alfajiri. Nikisema, nitamwaibisha Mama na mtaa mzima. Nikinyamaza, je?

"Shangazi," nikamwambia nesi, "yale yalikuwa ya wageni. Sisi tunakunywa haya." Nikamwonyesha ndoo. Kikombe cha bluu kilikuwa bado kinaelea ndani.

"We mtoto, nani kakutuma?" Mama Pacha alifoka. "Unataka tuitwe wachafu?"

"Mwache aseme, jirani," Mama akajibu. "Sifa ya usafi nimeshaizika pamoja na mwanangu."

Nesi hakutukemea. "Hata mimi nimekosea," alisema. "Nililetewa maji, sikuuliza yametoka wapi." Akainuka, akampeleka mtoto wa Mama Pacha zahanati.

Kesho yake tulipita nyumba kwa nyumba, mimi nikitangulia. "Hodi! Leo mgeni anataka maji ya wenyewe!" Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini ndoo zilitolewa. Kati ya nyumba arobaini, thelathini na moja zilikutwa na vijidudu. Maji ya bomba nayo yalipimwa, yakakutwa safi. Uchafu uliingia nyumbani, kwa mikono na vikombe.

Nesi alipeleka majibu kwenye kikao cha kata. Diwani akakunja uso. "Mbona karatasi ya kwanza ilisema salama?"

Mama alisimama na kanga yake ya msiba. "Ile ya kwanza tuliiandika sisi, mheshimiwa, kwa aibu zetu."

Siku hiyo kikao kilipitisha dawa ya maji iwekwe pale bombani ili kila mtu aitie ndooni mwake, kila nyumba ipate ndoo yenye kifuniko na koki, na ndoo zenyewe zipimwe kila mwezi.

Mtoto wa Mama Pacha alipona.

Ndoo yetu ilipofika, Mama alifungua koki, akajaza kikombe cha bluu, akanipa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Nilidhani methali hiyo ni ya mgonjwa mmoja, kumbe hata mtaa huficha. Mwanangu, anayekuja kukuuliza ili akusaidie, mwonyeshe unavyoishi, si unavyotaka kusifiwa. Ulisema kweli mbele yangu nikiwa na aibu. Usiache."

Nilikunywa yote. Mtungi wa wageni uko rafuni mpaka leo, mtupu. Mgeni akija, anakunywa tunayokunywa sisi.