Kilo Tisa za Mukasine

Wewe unayesikiliza, hebu niambie: gunia likitoka shambani na kilo mia, likafika mjini mshono wake haujaguswa, kisha mizani ikasema kilo tisini na moja, utamshika nani? Utamshika aliyesimama mbele ya mizani, sivyo? Ndivyo walivyofanya Mbugangari, mtaa wa mpakani na Goma, Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mwaka 1999. Saa nne kasoro dakika ishirini, Nziza alipofika kwenye ghala la viazi la Anastase, alimkuta Kankindi, mpimaji, ameketishwa juu ya kreti tupu ya bia, mikono mapajani.

Nziza alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi hiyo alijifunza Bukoba, miaka ile ya ukimbizini, naye hakuwa mtu wa haraka. Alishusha kwenye pikapu yake mawe matano ya chuma, kila moja kilo ishirini, akayapanga kando na kuyafuta vumbi.

"Saa sita askari wa jandarma wanakuja kumuchukua," Anastase mwenye ghala alimwambia. "Nimewaita mwenyewe. Kama uko na neno, lipatikane mbele ya saa sita."

Nziza alianza na aliyelalamika. Mukasine alikuwa mjane wa Bugeshi, miguu myembamba, macho makali, na redio ndogo imening'inia shingoni kwa utepe wa raba.

"Mama, gunia ulilipima wapi?"

"Kwa jirani, kwa mizani yake ya kuning'iniza. Mara mbili, sababu mi mwenyewe sijiaminie sana. Iko kilo mia. Nafika hapa, mizani ya umeme inasema tisini na moja. Hata redio yangu ilishangaa, ikafanya trrr."

Wapagazi wakacheka. Nziza aliandika: trrr.

"Muulize pia huyu," Anastase alisema, akimwonyesha Kankindi kwa kidevu. "Mama alifika saa moja, wa kwanza. Alipimwa saa mbili na dakika ishirini, wa mwisho. Kwa nini alimuweka nyuma ya wote? Mwizi anapenda kubaki na mutu mumoja."

Nziza akamgeukia Kankindi. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilikuwa na sababu."

"Ipi?"

"Iko ya kwangu. Nikiisema leo, itafanana na kuomba huruma."

Nziza aliona jambo jingine akanyamaza nalo. Mtu wa vumbi la viazi huvaa kitenge kilichochoka. Cha Kankindi kilikuwa kipya, bado kina mikunjo ya dukani.

Akapandisha mawe yake matano juu ya mizani. Namba nyekundu zikatulia: 100. Akayashusha, akapandisha gunia la Mukasine. Mia vilevile.

"Bon," Anastase alisema. "Mizani iko nzima. Donc, basi, ni mukono wa mutu."

"Gunia nalo ni zima," Nziza alijibu. "Hakuna aliyetoa kiazi. Kilichopungua ni namba, na namba haiibiwi kwa mkono."

Aliinamisha kichwa cha mizani akasoma nyuma yake. Palikuwa na karatasi iliyogandishwa, inasema mizani hii imejaribiwa na haisumbuliwi na mawimbi ya redio. Karatasi ilikuwa nyeupe mno kwa mizani iliyotumika mwaka mzima, tena ukingo mmoja umejikunja. Akaibandua taratibu kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kibandiko cha kiwandani, kwa Kifaransa. Anastase alikisoma kwa sauti, na sauti ikapungua kila neno: haikujaribiwa, isitumiwe karibu na chombo cha kurusha mawimbi.

"Kila chombo cha umeme kina majirani," Nziza alieleza. "Lazima kijaribiwe mara mbili: kisiwapigie wengine kelele, na chenyewe kivumilie kelele za wengine. Hiki hakivumilii. Redio ya mama ilikuwa inatuambia, tukaicheka. Hapa nani ana tokiwoki, ile simu ya upepo?"

Walikuwa wawili. Rwema, mlinzi wa lango, na Gentil, msimamizi wa magari, aliyeegemea nguzo karibu na mizani akisafisha meno kwa kijiti.

Macho yote yakamwendea Rwema, maana alikuwa na ulimi mbaya na wakulima.

"Ashwi da, hapana, msiniangalie hivyo," alisema. "Mi niko langoni tangu asubuhi. Tokiwoki yangu naongea na mageti ya maghala mengine, ni kazi."

"Ulikuwa unaongea saa mbili na dakika ishirini?"

"Naongea kutwa nzima. Muulize huyu Gentil, anasema mi ni kama redio yenye haizimike."

Uso wa Rwema ulikuwa na jasho. Anastase alitaka akamatwe naye palepale, lakini Nziza aliomba chaki. Alirudisha mawe juu ya mizani, akachora mstari mmoja penye lango, hatua thelathini; wa pili hatua kumi; wa tatu hatua mbili, palepale penye nguzo.

"Rwema, simama kwenye mstari wa kwanza ubonyeze."

Rwema akabonyeza. Mia. Redio ya Mukasine kimya.

"Wa pili."

Mia. Redio ikakwaruza kidogo, kama panya kwenye makuti.

"Wa tatu."

Trrr, redio ikalalama, na namba nyekundu zikateleza: tisini na sita, tisini na mbili, tisini na moja. Rwema alipoachia kidole, zikapanda tena hadi mia. Mukasine alijishika mdomo. Nziza aliandika umbali na saa: nne na dakika hamsini.

"Aliye langoni hawezi," alisema. "Ni aliyesimama kwenye nguzo."

Gentil alitupa kijiti. "Mi naita madereva wangu kutoka pale kila siku. Ningejua aje kama chuma inasikia maneno? Hiyo ni bahati mbaya, muzee. Hata we mwenyewe umelijua leo."

Lilikuwa jibu zuri, na watu wakaanza kutikisa vichwa. Nziza akatazama ukuta wa mbali. Palikuwa na msumari, na chini yake ukuta umechubuka, alama ndefu ya kitu kinachoning'inizwa na kuondolewa mara nyingi.

"Rwema, ule msumari ni wa nini?"

"Wa tokiwoki ya Gentil. Wakati wa kupakia lori anaitundika pale. Anasema inaweza kuanguka na kuvunjika."

"Na wakati wa kupokea magunia ya wakulima?"

Rwema akafikiri. "Inakuwa mukononi."

"Kupokea na kupakia, wapi kuna purukushani zaidi?"

Kila aliyekuwepo alikuwa ameona kupokea: baiskeli, akina mama, magunia yanasukumwa huku na huku. Nziza akamgeukia Gentil.

"Mahali pa vurumai unaishika. Mahali pa utulivu unaitundika hatua ishirini na tano. Ndugu yangu, ukipokea ulitaka mizani idanganye. Ukipakia ulitaka iseme kweli, ili ujue ni kilo ngapi zimezidi zilizoandikwa, za kuvusha Goma kivyako. Mtu asiyejua asingehitaji msumari."

Gentil aliketi chini polepole, pale kwenye mstari wa chaki.

"Patron, ulinituma nilete mizani iliyojaribiwa," alimwambia Anastase bila kuinua kichwa. "Nikaleta ya bei ya chini, nikaigandishia ile karatasi. Siku ya kwanza niliita dereva, nikaona namba zinaanguka. Niliogopa utajua mizani ni mbaya. Nikanyamaza. Kunyamaza kukanizoea."

"Na mimi ungeniacha niende na jandarma?" Kankindi aliuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama.

Gentil alianza kufuta mstari wa chaki kwa kiganja.

Saa sita jandarma wawili walifika wakamchukua aliyestahili. Anastase aliamuru magunia yote ya wiki hiyo yapimwe upya, kisha akasimama mbele ya Kankindi akizungusha kofia yake. "Mama, nimekukosea," alisema, akaingia ndani upesi.

Mukasine alibaki amesimama, mkono juu ya redio. "Nilikuita mwizi mbele ya watu," alimwambia Kankindi. "Mdomo wangu unatangulia. Lakini unieleze: kwa nini uliniweka wa mwisho?"

Nziza alikuwa anapakia mawe yake. Aliyapakia polepole kuliko kawaida.

Kankindi alinyoosha mikunjo ya kitenge chake. Alimtazama Rwema, aliwatazama wapagazi, akaona hakuna pa kujificha.

"Nilitaka wengine waondoke," alisema. "Nilitaka kukuuliza kama shiye tunaweza kuja kubisha hodi kwenu na posa, kwa ajili ya kijana wangu Tuyishime, na binti yako Uwera."