Sufuria ya Uzi Mwekundu

Walijuana sokoni Kasongo, Jumamosi, saa ile ambayo hata kuku hapati pa kupita. Mounira, binti wa muuza vitambaa, alikuwa amevaa kitenge cha ndege wa manjano na mtandio wa buluu, beseni la mchele kichwani. Pikipiki ikamgusa kiwiko, na mchele wote ukamwagika chini.

— Wee motari! Macho yako ni ya kupamba uso?

— Pardon, dada. Nilikuwa naangalia hao ndege wa kitenge, nikasahau njia.

Huyo alikuwa Gédéon, kijana wa Lusangi, upande wa Kabambare, mbeba abiria kwa pikipiki, mwenye koti lisilo na zipu. Alipiga magoti akaokota mchele punje kwa punje, mpaka Mounira akacheka bila kutaka.

Mapenzi yakaanzia hapo. Mounira ni Mwislamu, Gédéon ni Mkristo, na kwa kina Gédéon nyama ya nguruwe wa msituni hupikwa. Basi akanunua sufuria ndogo mpya, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini wake, akampa mama yake, Mama Mathilde.

— Mama, hii ni ya Mounira. Nguruwe asiingie humo hata kwa bahati mbaya.

Kila alipofika Lusangi, Mounira alipikiwa humo sombe, majani ya muhogo kwa samaki, na wawili hao wakala sahani moja, wakigombea samaki kama watoto.

Siku moja, karibu na jiko, Gédéon alimwambia jambo zito. Alipokuwa na miaka kumi na minne, watu wenye silaha walimpeleka msituni. Alibeba bunduki yao miezi saba, kisha akatoroka.

— Weye peke yako unajua, sheri. Hata mama anafikiri nilikuwa nachimba dhahabu ku Salamabila.

Mwaka uliofuata Mounira akapata nafasi ya kusoma Uturuki. Kule baridi ilimwingia mpaka kwenye meno. Watu walikuwa wema, walimpa chai katika vikombe vidogo vya kioo vyenye kiuno chembamba, lakini hakuna aliyegombea naye samaki. Kila Jumapili alimpigia Gédéon simu.

— Umekula?

— Nimekula. Mimi na sahani yangu, kama mugonjwa.

— Vumilia, ndege wangu wa manjano. Sufuria yako iko. Naipangusa kila siku.

Ikafika siku ya wanafunzi wa kigeni, kila mmoja aeleze amani ya kwao. Wenzake walisema maneno ya vitabuni. Mounira alisimama na kitenge chake, akasimulia kwa Kifaransa, mwenzake akitafsiri, habari za motari wa Lusangi aliyebeba bunduki utotoni, na leo analinda sufuria ya msichana Mwislamu. Jina hakulitaja. Ukumbi mzima ulilia, ukampigia makofi, na kwa mara ya kwanza akajisikia si mgeni.

Kumbe mtu alirekodi. Wiki haikwisha, video iko Kasongo, iko Lusangi, iko kwenye kila simu. Nani asingemjua mwenye sufuria? Jumapili Mounira akapiga simu.

— Gédéon, umeiona? Watu walilia!

Gédéon akasema polepole:

— Mama pia analia.

Simu ikakatika. Tangu siku hiyo namba yake haikupatikana tena. Miezi kumi Mounira aliijaribu kila Jumapili, huku chai ikipoa mkononi mwake. Wageni aliwapa amani, naam, lakini aliitoa mfukoni mwa mwenzake bila kuomba.

Likizo ilipofika alirudi, akalala kwao usiku mmoja tu, asubuhi akapanda pikipiki ya kukodi mpaka Lusangi. Gédéon alikuwa anapaka mnyororo mafuta. Hakuinua kichwa. Baadaye alileta chakula, sahani mbili.

— Kule muko munakula hivi, kila mutu na yake.

Mounira hakugusa.

— Nilikosa, Gédéon. Siri ilikuwa yako. Niliigawa ili nipendwe na watu nisiowajua.

— Abiria wananiangalia mikono. Wengine wanashuka.

— Na mama?

— Mama aliniuliza kitu kimoja tu: kule msituni nilikuwa nakula nini.

Gédéon akarudi kwenye mnyororo wake. Sahani mbili zikapoa. Mounira alikuwa na wiki moja tu kabla ya kurudi masomoni. Akaingia jikoni kumuaga Mama Mathilde, na hapo akaiona: sufuria kwenye msumari, uzi umepauka, tumbo lake linang'aa kama jana. Akaishusha, akatoka nayo kifuani.

— Niruhusu niichukue. Hapa sina tena pa kupikia.

Gédéon akamtazama, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mikono ilikuwa nyeusi kwa mafuta, akaificha nyuma.

— Iache.

— Ya nini?

— Ukirudi, utapikia mu nini?

Mounira akairudisha kwenye msumari wake.