Maji ya Kijani Langoni kwa Bochaberi

Mume wangu alikuwa ameshika mbwa aliyekufa kwa mguu wa nyuma, anamtikisa mbele ya watu kama mtu anayeuza kuku sokoni.

Mbwa mwenyewe ni wetu. Anaitwa Bosi. Ulimi ulikuwa nje, povu limekaukia mdomoni, na nzi walishapata habari.

"Muulizeni huyu mama amempa nini!" mume wangu alipiga kelele.

Na watu wakageuka kumtazama Bochaberi... wengine tayari na mawe mkononi.

Jamani, ngojeni niwaeleze.

Naitwa Persis. Nimeolewa huku juu ya Ekerenyo, kwenye majani chai. Mume wangu ni Machogu. Bochaberi ni mjane wa baba yake mdogo, hakujaliwa mtoto, anaishi peke yake hapo chini yetu. Mimi humwita Mama. Nilipojifungua Ian, yeye ndiye aliyenipikia uji na kufua zile nguo ambazo mama mkwe alikuwa anazishika kwa vidole viwili.

Sasa mbwa wa kijiji walikuwa wanakufa. Mbwa akipita langoni kwa Bochaberi, baadaye anapepesuka kama mlevi wa chang'aa. Anakunywa maji hashibi. Anatapika. Siku mbili hazipiti, amelala.

Wa kwa Nyabuto alienda hivyo. Wa kwa Ochoki akafuata. Paka ndio usiseme.

Mwanzoni watu walisema ni sumu ya panya. Baadaye wakasema sumu hiyo si ya dukani. Siku alipokufa Bosi, neno lenyewe likatoka: omorogi. Mchawi.

Neno hilo likishatoka huku kwetu, halirudi mdomoni. Nyumba zimechomwa kwa neno hilo, na mwenye nyumba akiwa ndani.

Walimpa Bochaberi mpaka jioni awe ameondoka. Mama wa watu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, hata hakuwa amemaliza kusonga ugali.

Na aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote ni Machogu. Eti yeye ndiye aliyeumia. Eti Bosi alikuwa kama mtoto wake. Mtu ambaye hajawahi kumtupia huyo mbwa hata mfupa!

Nilijua kuna mtu mmoja tu ambaye wangemsikiliza: Mogaka, kaka mkubwa wa Machogu. Ni mzee wa kanisa, anaishi Nyamira mjini. Simu yake ilikuwa haishiki. Nikaamua kumfuata.

Gari letu huegeshwa hapo hapo langoni kwa Bochaberi, kwa sababu barabara ya gari inaishia hapo. Niliposhika mlango, Machogu aliacha mbwa chini akanikimbilia.

"Wacha hiyo gari."

"Kwa nini?"

"Inachemsha. Haina maji."

Nikamwambia maji nitaongeza, nikawasha, nikaondoka. Alinifuata hatua chache akiita jina langu. Nilidhani ana wasiwasi na mimi. Mjinga mimi.

Kumbe kuhusu gari alisema kweli. Nilipofika kwenye ule mlima wa kukaribia Nyamira, geji ya moto ikapanda mpaka kwenye alama nyekundu, na mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikazima. Nikakaa kando ya barabara nikingoja ipoe, maana anayefungua kifuniko cha rejeta ikiwa moto hurudi nyumbani na sura nyingine. Nilikuwa nalia kwa hasira. Kila nikifikiria wale watu na mawe yao, naona dakika zinaniponyoka.

Ilipopoa nikaongeza maji, nikajikokota hadi gereji ya Ombok.

Ombok ni fundi wa kutoka upande wa ziwa. Wengi huku Nyamira wanampelekea magari. Alipoona gari tu, akacheka.

"Madam, hii si nilionyesha mzee wako?"

Akafunga pampu yake ya presha kwenye rejeta, akapiga presha, akaingia chini na tochi. Akaniita niinamie nione. Mpira wa chini, ule unaorudisha maji kwenye injini, ulikuwa umepasuka pale chini ya klipu. Aliniambia ukitazama gari likiwa limepoa huoni kitu. Likitoka safari, moto na presha vikiwa juu, linadondosha hapo hapo linapoegeshwa.

"Nilimwambia abadilishe huu mpira," Ombok akasema. "Akasema hana haraka, atakuwa anaongeza tu kulanti, ile dawa ya kijani ya kupoza injini. Nikamuuzia. Lakini nikamwonya, asiache imwagike nyumbani. Ile kitu ni tamu. Mbwa akiramba, anakufa."

Nilisimama wima.

"Anakufaje?"

"Kwanza anakuwa kama amelewa. Kiu, kutapika, halafu figo zinaisha."

Jamani... nilitaka kumkumbatia na grisi yake yote! Kumbe hakuna uchawi. Kumbe ni gari letu bovu linadondosha sumu langoni kwa mama wa watu. Nilimkasirikia Machogu kwa kunyamaza, lakini nilisema moyoni, ni uzembe, ni aibu tu ya mwanamume kukubali kosa. Hilo linaponyeka.

Ombok akaweka beseni chini, akafungua rejeta imwage kilichobaki kabla hajaweka mpira mpya.

Yakatoka maji ya kahawia. Kutu tupu, kama chai iliyolala.

Ombok akachovya kidole, akanusa. Akatikisa kichwa.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hii gari haijaona kulanti. Haya ni maji ya mto."

"Si umesema amekuwa akinunua?"

"Juzi amechukua dumu la tatu."

Tukatazamana.

Kama kulanti haikuingia kwenye gari, iliingia wapi?

Sikumbuki kutembea mpaka kwenye buti ya gari. Nakumbuka tu nikiinua zulia, nikitoa tairi ya spea. Chini yake kulikuwa na madumu mawili matupu, na la tatu limebaki nusu. Kijani kinang'aa. Na juu ya madumu kulikuwa na bakuli la plastiki lenye picha ya sungura.

Bakuli la uji la Ian.

Nililitafuta wiki nzima! Nilimgombeza mtoto kwa kulipoteza! Ukingo wake ulikuwa na kijani kilichokauka, na manyoya ya mbwa yamegandia ndani.

Nikatapika pale pale kwenye oili.

Mambo yote yakajipanga kichwani. Bochaberi ana kipande cha majani chai kinachogusa barabara. Machogu amekuwa akikitamani tangu baba yake mdogo azikwe. Aliomba auziwe, akakataliwa. Aliomba aachiwe akilime, akakataliwa. Sasa alikuwa anawawekea mbwa bakuli langoni kwa mama huyo, na mbwa wake mwenyewe akamuua mwisho ili alie kuliko wengine.

Na huyo mtu usiku alikuwa ananishika na mikono hiyo hiyo.

Ombok alifunga mpira mpya na klipu mpya, akajaza kulanti na maji safi, akaacha injini iungurume huku hewa ikitoka, mpaka feni ikawaka yenyewe na geji ikatulia. Mimi nikampitia Mogaka nyumbani kwake, nikamwonyesha bakuli na madumu, nikamweleza yote. Akapanda gari, tukatoka mjini.

"Persis," akasema, "mambo ya nyumbani yaishie nyumbani."

Mzee wa kanisa huyo. Nilikanyaga mafuta.

Tulikuta godoro la Bochaberi limetupwa nje. Sufuria ziko kwenye matope. Ochoki ameshika chupa ya petroli, na wala haoni haya kunisalimia nayo mkononi.

Nikashuka, nikaweka madumu chini katikati yao. Nikaweka bakuli juu.

"Baba Ian, hili bakuli ni la nani?"

Machogu akatazama bakuli. Rangi ikamtoka.

Nikampigia Ombok, nikaweka simu kwa sauti ya juu, nikamwomba arudie kila kitu. Akarudia. Dalili za mbwa, onyo alilompa Machogu, madumu aliyomuuzia, na yale maji ya kutu. Watu walisikiliza mpaka mwisho. Halafu wote wakamgeukia mume wangu.

Mnajua alisema nini?

"Si ni mbwa tu."

Basi. Mawe yakaanza kuanguka chini, moja moja, taratibu, kama watu wanaotupa maganda. Hakuna aliyemwambia Bochaberi pole. Hakuna aliyerudisha godoro ndani. Ochoki alifunga chupa yake ya petroli akaondoka nayo, maana petroli ni ghali. Na mama mkwe wangu akanivuta kando akaniambia ningemnong'oneza yeye, badala ya kumvua mume wangu nguo mbele za watu.

Nilimtemea mate miguuni. Sijutii.

Mogaka akaamua kama alivyotaka. Polisi wa nini? Machogu atoe mbuzi, achinjwe kwa Bochaberi, watu wale pamoja, yaishe.

Kesho yake walikuja. Wale wale. Wameoga, wamevaa mashati mazuri. Walichinja, wakachoma, wakakaa chini ya migomba ya mama waliyetaka kumchoma, wakaanza kutafuna. Mmoja akamwita eti awasongee ugali, nyama haishuki vizuri peke yake!

Bochaberi akatoka ndani, akakaa kwenye kigoda. Mogaka akampelekea maini kwenye sahani kwa mikono miwili, kwa heshima yote.

Hakugusa.

"Huyu mbuzi ametoka kwa nani?" akauliza polepole.

"Kwa Machogu, mama."

"Jana alilala kwake?"

"Ndiyo, mama."

"Na alikunywa maji gani?"

Nyabuto alikuwa na finyango mdomoni. Taya zikasimama. Ochoki akageuka, akatema kwenye mgomba. Kisha mwingine. Kisha wote! Wanaume wazima wanainama, wanajitia vidole kooni, na matapishi yao yanamwagika kwenye mashati ya kanisani.

Machogu akaapa kwa Mungu kwamba nyama ni safi. Akachukua kipande kikubwa mbele yao, akatafuna, akameza, akafungua mdomo waone.

Hakuna aliyemfuata. Hata mama yake alisukuma sahani.

Na mpaka leo hakuna anayekula wala kunywa kutoka mkononi mwake. Akiingia dukani, watu wanafunika soda zao. Bochaberi anachuma majani chai yake hapo kando ya barabara, wanamsalimia kwa mbali kwa aibu.

Mimi nimeripoti polisi, nimechukua mtoto wangu, niko kwa mama yangu, kule Suneka. Gari nimekuja nalo. Halichemshi tena.

Nawaachia neno moja. Siku mkisikia kwamba kijijini kuna mama mchawi, msikimbilie kuuliza amemroga nani. Ulizeni kwanza shamba lake linapakana na nani.