Karatasi ya Pipa la Tatu

Kiwandani walimwita Pua, na jina hilo alilipenda. Alikuwa mkemia wa ngozi kwa miaka kumi na tisa, na aliweza kunusa ngozi akakwambia imelala kwenye chokaa siku ngapi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyesimamia mapipa makubwa ya kuzungushia ngozi, walimwita Tisa na Nusu, kwani mashine ilimkata nusu ya kidole cha shahada. "Mimi nikihesabu kwa vidole, lazima nijipunje," alikuwa akitania.

Pua ndiye aliyewafundisha wote habari za hewa ya mapipa. Dawa ya kunyonyolea manyoya ikikutana na tindikali, hutoa hewa inayonuka mayai viza. "Ukisikia harufu, bado una nafasi," alikuwa akiwaambia. "Harufu ikikatika ghafla, usishukuru. Pua imeshakufa, wewe ndiye unayefuata." Ndiyo maana kabla mtu hajaingia pipani, hutundikwa humo karatasi nyeupe ya kupimia. Ikigeuka nyeusi, haingii mtu.

Siku ile alikuwa na haraka. Alichungulia pipa la tatu, hakusikia harufu, akatia sahihi kwamba amepima. Shemeji yake akaingia, akatolewa maiti. Pua akamwambia mkewe kuwa kaka yake aliingia bila ruhusa. Mkewe alipomshukuru kwa kusimamia mazishi, Pua alitamani ardhi ipasuke immeze.

Miezi miwili baadaye, akinywa chai asubuhi, akasikia harufu ya mayai viza uani.

"Kuna yai limeoza?"

"Mayai yenyewe hatuna," mkewe akajibu. "Hiyo pua yako nayo ipewe likizo."

Kesho yake harufu ilikuwa sebuleni. Siku iliyofuata ikaingia jikoni, pale pale anaposimama mkewe. Pua akaleta karatasi moja ya kazini, akamweleza mkewe kazi yake, akaitundika ukutani. Ikabaki nyeupe. Basi haikuwa hewa ya kawaida; alijua ni nani anayefuatwa na kwa kosa la nani.

Jumapili mchana mkewe alikuwa jikoni akipepeta mchele. Pua akasimama mlangoni, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Akatabasamu.

Kisha akakumbuka.

Harufu imekatika.

Akamvuta mkewe mkono. Ungo ukaanguka. Mkewe akapepesuka. Pua akamburuta hadi uani. Wakakaa chini, wakihema.

Madirisha yalipokwisha kufunguliwa na upepo kupita, mkewe ndiye aliyeingia kuitoa ile karatasi. Ilikuwa nyeusi tii. Palibaki weupe mahali pamoja tu, kana kwamba mtu aliishika: dole gumba upande mmoja, vidole vinne upande wa pili. Kimoja kiliishia nusu.

Mkewe akaweka kidole chake juu ya ile alama fupi.

"Siku ile," akanong'ona, "karatasi uliitundika?"

"Sikuitundika."

Mkewe aliikunja karatasi, akaondoka nayo kwenda kwa mama yake. Hajarudi.

Tangu siku hiyo Pua hasikii harufu yoyote, si ya chai, si ya ngozi mbichi. Kila asubuhi hutundika karatasi mpya chumbani, maana hana njia nyingine ya kujua. Jioni huikuta nyeupe. Ila pembeni, mahali pa kushikia, huwa pana alama nyeusi ya kidole kifupi.