Ng'onda Ndani ya Nyumba

Miaka yote Maulid alikuwa hathubutu kuingia na ng'onda ndani. Mkewe, Mwanaima, hakutaka samaki mkavu anuke penye udi wake. Siku moja akamtundika ng'onda jikoni makusudi, akasubiri kugombezwa. Mwanaima alipita tu.

Tangu apone mafua makali, hakusikia harufu yoyote. Siku chache kabla ya hapo gesi ilivuja, naye akashika kiberiti. Maulid alimdaka mkono. Tangu hapo Mwanaima hakutaka kupika tena.

"Ubongo wangu unakufa," alisema. "Hata mjukuu wetu nikimbeba, ni kama nimebeba mto."

Maulid aliumia sana. Akaenda kumwita Wanu, jirani yao, muuguzi wa zahanati. Walimkuta Mwanaima akijitia kitunguu saumu puani.

"Shikamoo, Bi Mwanaima. Toa hicho, kitakuunguza bure!"

"Marahaba, mwanangu. Nimerogwa, au ndio wazimu?"

"Hujarogwa, wala huna wazimu. Virusi vya mafua huweza kuumiza sehemu ya juu ya pua, inayopeleka harufu kwenye ubongo. Ubongo ukikosa harufu, chakula hakina ladha, na moyo hunyong'onyea. Lakini unaweza kuufundisha upya."

"Kwa dawa gani?"

"Karafuu, ndimu, mdalasini na asumini. Nusa kimoja kimoja, polepole, asubuhi na jioni, huku ukiikumbuka harufu yake. Ni kazi ya miezi. Si wote wanaopona kabisa, ila wengi hupata nafuu. Kesho njoo zahanati upimwe, maana sababu ni nyingi. Ukianza kusahausahau, tuambie pia. Gesi na chakula kilicholala, akague Maulid."

Wakaanza. Mwanaima alinusa karafuu, hakusikia kitu, akalia.

"Kumbuka kwetu Pemba," Maulid alimwambia. "Karafuu zimeanikwa uani, mama yako anatufukuza tusizikanyage."

Mwanaima akacheka, akanusa tena. Wiki zikapita, miezi ikapita. Hakuacha.

Adhuhuri moja Maulid aliingia na ng'onda mkononi.

"Maulid! Hebu toa huo uvundo wako nje!"

Maulid akasimama. "Umesemaje?"

"Nimesema ananu..." Mwanaima akaziba mdomo. Machozi yakamtoka. "Ananuka, Maulid! Wallahi ananuka!"

Maulid alitoka na ng'onda wake, akicheka peke yake barazani. Ndani, Mwanaima alimpakata mjukuu, akazamisha pua nyweleni mwake. Harufu ilikuwa hafifu, lakini aliijua.