Kadi ya Kidoti

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala kilichokuwepo, kisha akashika ufagio na kwenda kwenye karakana ya baba yake, mbele ya nyumba waliyopanga. Baba alikuwa seremala. Alipiga randa kutwa nzima, na ikifika jioni maranda yalifunika sakafu hadi kwenye vifundo vya miguu. Chiriku aliyafagia na kuyatia kwenye magunia ya wafugaji wa kuku, huku mdomo wake haupumziki. Ndiyo maana walimwita Chiriku, kama yule ndege.

Lakini alikuwa na kazi nyingine isiyohitaji ufagio. Yeye ndiye aliyekuwa macho ya baba yake.

"Ukimwona mtu ana kitambulisho shingoni, utamwambia nini?" baba alikuwa akimuuliza.

"Baba amesafiri. Haijulikani atarudi lini."

"Na akikuuliza kwenu ni wapi?"

"Hapa hapa."

Si kwamba baba alikuwa amevunja sheria. Walihamia kutoka nchi jirani Chiriku akiwa bado anabebwa mgongoni. Walikuwa na kibali halali cha kuishi na kufanya kazi, na baba alikihuisha kila kilipokaribia kwisha. Tatizo ni kwamba walipofika tu, mtu mmoja mwenye kitambulisho shingoni na maneno matamu alijifanya ofisa, akala akiba yao yote, akawaachia vibali bandia. Nusura baba afungwe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu siku ile baba alishtuka hata unyasi ulipokuwa mbali.

Jioni moja dada mmoja aliyebeba begi la bluu aliingia uani. Kitambulisho kilining'inia shingoni mwake. Chiriku alikohoa kwa nguvu kuelekea karakana. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yao. Baba hakupata nafasi ya kutoka. Aliingia ndani ya kabati la nguo alilokuwa akilimalizia, akavuta mlango.

"Hujambo, mdogo wangu? Tunaandikisha wakazi kwenye bima ya afya ya taifa. Baba yupo?"

"Amesafiri."

"Basi mwambie kwamba kila mkazi, hata kama alitoka..."

"Haijulikani atarudi lini!" Chiriku alimkatiza.

Wakati huohuo vumbi la mbao likafanya kazi yake. Kabati likapiga chafya. Kisha likapiga nyingine.

Yule dada aliliangalia kabati, akamwangalia Chiriku, akabana midomo asicheke. "Kabati lenu lina mafua," alisema. "Msafiri akirudi, mwambie ofisi yetu iko nyuma ya hospitali. Aje tu."

Alipokwisha kwenda, baba alitoka akiwa mweupe kwa vumbi, na hakuona la kuchekesha hata kidogo. "Bima ya taifa ni ya wenye taifa," alisema. "Hawa wanatafuta wageni walipo. Leo wanakuandika, kesho wanakufukuza."

"Si tungekwenda kuuliza tu?" mama alisema taratibu. Mikono yake ilikuwa imejaa povu la nguo.

"Kuuliza ni kujitangaza."

Chiriku aliyaweka maneno hayo moyoni. Akaanza kumshuku kila mtu. Muuza duka alipomuuliza kama baba hajambo, alijiuliza, anataka kujua kwa nini? Mwalimu alipowaambia wanafunzi waseme wazazi wao walizaliwa wapi, Chiriku aliomba ruhusa ya kwenda chooni na hakurudi mpaka kengele ilipolia. Hata dada wa begi la bluu alipompungia mkono barabarani, alivuka upande wa pili kama hakumwona.

Asubuhi moja aliamka tumbo likimuuma karibu na kitovu. Alinyamaza. Ugonjwa ulimaanisha hospitali, na hospitali ilimaanisha maswali. Kufikia saa nne maumivu yalikuwa yameshuka chini, upande wa kulia, na alikuwa ametapika mara kadhaa. Mama alijua binti yake ni mgonjwa hata kabla ya kumgusa paji la uso. Mtoto aliyekuwa akiongea hata usingizini hakuwa na neno.

Baba alikuwa ameondoka alfajiri kupeleka vitanda mji wa pili, na simu yake haikupatikana. Mama alisimama mlangoni, hajui aanzie wapi. Ndipo jirani yao, mama Kidoti, alipotoka chumbani kwake akiwa na kadi ya bima mkononi.

"Chukua hii ya Kidoti," alinong'ona, ingawa uani hapakuwa na mtu mwingine. "Hawa watoto ni rika moja na urefu mmoja. Kadi haina picha. Nani atajua?"

"Lakini huo si uongo, mwenzangu?"

"Uongo ni bora kuliko msiba."

Kidoti alikuwa rafiki mkubwa wa Chiriku. Walikaa dawati moja. Njia nzima Chiriku, aliyejikunja kwa maumivu, alirudia kimoyomoyo jina kamili la rafiki yake. Hata hivyo, muuguzi alipoliita jina hilo hospitalini, hakuitika. Likaitwa tena. Mama akamfinya.

"Nipo!" Chiriku aliitika, na akaona muuguzi akiwatazama kidogo zaidi ya kawaida.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Aliuliza maumivu yalianzia wapi na yamehamia wapi, kisha akasoma kwenye kompyuta yake.

"Ajabu," alisema. "Ningesema ni kidole tumbo. Lakini hapa naona ulishapasuliwa, ukatolewa kidole tumbo. Basi lazima ni kitu kingine. Lala hapo nikuangalie."

Alimbonyeza tumbo upande wa kulia. Chiriku akapiga yowe. Daktari akainama, akatazama ngozi, akavuta taa karibu, akatazama tena.

"Kovu liko wapi?"

Mama akajibu haraka. "Lilifutika, daktari. Mtoto huyu ngozi yake ni nzuri."

"Mama, kovu la kisu halifutiki kama chaki." Akavua miwani. "Huyu mtoto ni nani?"

Chiriku alilikumbuka kovu la Kidoti. Rafiki yake aliwahi kuwaonyesha wasichana wa darasa lao kwa majivuno, kama askari aliyerudi vitani. Ndipo akaelewa hatari aliyokuwa nayo. Maadamu yeye ni Kidoti, hana kidole tumbo, na hakuna mtu atakayemtibu ugonjwa wa kitu asichokuwa nacho. Lakini akisema kweli, baba atafukuzwa. Alimshuku daktari, akaishuku kompyuta, akaushuku hata mlango. Maumivu yakamkata tena kama msumeno.

"Mimi si yeye," alisema huku akilia. "Kadi ni ya rafiki yangu. Sisi ni wageni, hatuna bima. Msimfunge mama yangu, tafadhali!"

Daktari alikuwa ameshageuka. "Andaeni chumba cha upasuaji," alimwambia muuguzi, kisha akamshika Chiriku bega. "Hapa hafungwi mtu kwa kuumwa. Umefanya vyema kusema. Sasa najua namtibu nani."

Baba alifika alasiri, maranda yakiwa bado kwenye nywele zake, na akamkuta binti yake amelala, bandeji tumboni. Daktari alimwambia wazi kwamba kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka. Baba alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa mikono.

Kesho yake dada wa begi la bluu, aliyeitwa na daktari, aliingia wodini. Baba akasimama ghafla, akaangaza macho huku na huku, lakini makabati ya wodini yalikuwa madogo mno.

"Kaa, kaka yangu," yule dada alisema. "Nani alikwambia mgeni hana haki ya bima?"

"Watu."

"Watu gani?"

Baba alifikiri. "Watu tu."

"Bima yetu ni ya wakazi, wala haimuulizi mtu alizaliwa wapi. Mgeni mwenye kibali halali, anayeishi na kufanya kazi hapa kama wewe, anajiandikisha pamoja na familia yake na kuchangia kama wenyeji. Asiyehusika ni mpita njia."

"Na majina yetu mnayapeleka wapi?" baba aliuliza, jicho moja kwenye kitambulisho chake. "Hata yule wa kwanza alikuwa na kitambulisho."

Chiriku alidhani yule dada atakasirika, lakini alivua kitambulisho chake, akampa. "Kisome. Kisha nenda ofisini ukaulize kama wananijua. Ndivyo inavyotakiwa."

Baba alikwenda kweli. Huku nyuma mama Kidoti aliitwa na kuonywa vikali, kwa kuwa kutumia kadi ya mtu mwingine ni kosa la kisheria. Daktari alimweleza jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: kama Chiriku asingesema kweli, ugonjwa wake ungeandikwa kwenye faili la Kidoti, na siku moja Kidoti angetibiwa maradhi yasiyo yake. Mama Kidoti alitokwa na machozi, akamwomba mama radhi, na mama akamwomba yeye. Bima haikulipa matibabu yaliyokwisha kufanyika, kwa hiyo hospitali ilikubali familia ilipe kidogo kidogo.

Jioni baba alirudi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Wote walikuwa wameandikishwa, kila mmoja kwa jina lake.

"Mwanangu," alisema, "kuwa na shaka si dhambi. Kama ningekuwa nayo siku ile, yule tapeli asingetupata. Lakini mwenye shaka huuliza, na mimi nilijificha. Mbaya zaidi, nilikufundisha wewe kusema uongo kwa niaba yangu, nikidhani nakulinda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kidogo tu kituumbue."

Chiriku aliushika mkono wake, mgumu kama ubao usiopigwa msasa. "Sasa unakwenda wapi, baba?" aliuliza alipomwona anasimama tena.

"Kwa mafundi wenzangu tuliotoka nao kule. Wengi wao ni mimi niliyewaambia kwamba bima si yetu, nao wakaniamini." Alivaa kofia yake. "Leo nitawaambia wasimwamini mtu, hata mimi. Waende ofisini wakaulize wenyewe."